Sufuria zinazoingiana kwa safari ya watu wawili: kuchagua, kupanga na kupikia

Seti nyingi za vyombo vya kambi zinazouzwa kwa ajili ya watu wawili zimebuniwa kwa msafiri ambaye chakula chake cha jioni ni pakiti ya chakula kikavu inayomwagiwa maji ya moto. Kwa kazi hiyo sufuria ndefu nyembamba ya titani inafaa sana. Lakini anayetoka na mwenzake kwenda kulala siku tatu katika milima ya Usambara, au kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, kwa kawaida amebeba unga, mchele, dagaa, vitunguu, maziwa ya unga na majani ya chai. Huyo anasonga, anakaanga na anapika wali hadi ukauke. Sufuria isiyokubali kusongewa ugali ni mzigo tu kwake, hata iwe na uzito wa gramu mia.

Kwa hiyo anza na karatasi ya mapishi kabla ya kufika dukani. Andika mtakachokula kila siku, kisha chagua chombo. Uzito na uzuri wa kuingiana vinafuata nyuma.

Ukubwa unaotosha

Watu wawili wanahitaji sufuria mbili: kubwa ya lita 1.5 hadi 1.7 kwa chakula, na ndogo ya lita 1 kwa chai na maji. Juu yake mfuniko mmoja, au kikaango kifupi kinachokaa juu ya sufuria kubwa kama mfuniko. Ya tatu haihitajiki. Wengi hununua seti ya vipande saba au nane, na safari ya pili vitano vinabaki nyumbani.

Hesabu yenyewe ni hii. Ugali wa watu wawili waliotembea mchana kutwa ni maji ml 700 na unga gramu 350, unapata ugali wa kilo moja hivi. Katika sufuria ya lita 1 ungejaa hadi ukingoni, mwiko ukikosa pa kugeukia. Katika sufuria ya lita 1.6 kuna nafasi ya kusonga bila kumwaga unga kwenye jiko. Chai ya maziwa ya vikombe viwili vya ml 300 ni ml 600. Maziwa yakianza kupanda yanataka angalau theluthi ya sufuria iwe tupu, na hapo lita 1 ndiyo kipimo chake.

Epusheni ugomvi mmoja mapema: sufuria ndogo ni ya chai na maji peke yake. Ikishapikiwa dagaa mara moja, chai ya asubuhi itanukia samaki hadi mwisho wa safari, hasa kambini ambako maji ya kuoshea ni ya kubania.

Kabla ya kununua, pima kwa rula. Kinachoamua kama seti itaingiana vizuri ni kopo la gesi, kwa sababu ndicho kitu kigumu kisichobonyea na ndicho kinachokaa katikati kabisa. Makopo ya kusokota, yale mafupi yenye mgongo wa mviringo na vavu ya nyuzi juu, huja kwa ukubwa wa aina tatu. Dogo la gramu 100 au 110 lina kipenyo cha kama sm 9 na kimo cha sm 7. La kati la gramu 230 lina kipenyo cha sm 11 na kimo cha sm 9. Kubwa la gramu 450 liache, haliingii popote.

Sufuria yenye kipenyo cha ndani cha sm 12 na kimo cha sm 9 inabeba lita 1. Ndani yake kopo dogo linakaa pamoja na jiko lililokunjwa na kiberiti, na mfuniko unafunga. Ukiweka kopo la gramu 230, nafasi yote imekwisha na jiko linatoka nje. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokwama: wanajaribu kopo dukani, linaingia, wanafurahi, halafu nyumbani wanagundua jiko halina pa kukaa. Nenda dukani na vyote viwili, kopo na jiko, uvitie ndani na ufunike.

Sufuria kubwa iwe na kipenyo cha ndani cha sm 14.5 au zaidi kidogo na kimo cha sm 10, ujazo wake ni kama lita 1.6. Angalia ukingo wa ile ndogo. Sufuria zetu za kawaida zina mdomo uliokunjwa nje kwa kama sm 1 kila upande, kwa hiyo sufuria ya sm 12 ina upana wa sm 14 juu. Mdomo huo ukizidi kipenyo cha ndani cha kubwa, ndogo itaning'inia juu badala ya kuzama, na mfuniko hautafunga.

Alumini, titani au chuma cha pua

Kwa mapishi ya kwetu jibu ni alumini. Alumini husambaza joto zaidi ya mara kumi kuliko titani au chuma cha pua. Moto wa jiko dogo la gesi ni duara lenye upana wa sm 4 au 5 tu. Kwenye alumini joto la duara hilo linaenea hadi kitako kizima na kupanda ukutani. Kwenye titani linabaki palepale lilipopigwa: katikati wali umeungua, pembeni punje bado ngumu. Ndiyo maana titani ni nzuri kwa kuchemsha maji, ambayo yanajizungusha yenyewe, na ni mbaya kwa chochote kizito.

Chuma cha pua hakidhuriwi na ndimu wala ukwaju na hakikwaruziki ovyo, lakini ni kizito na kinaunguza karibu sawa na titani, isipokuwa kile chenye tabaka la alumini kitakoni.

Alumini iliyotiwa utando mgumu kwa umeme, ile ya rangi ya kijivu iliyokoza, ni ngumu zaidi juu na haichakai haraka. Ukiipata kwa bei unayoiweza, ichukue. Zenye tefloni ndani zinavutia kwa sababu ugali haushiki, lakini tefloni inataka mwiko wa mti tu na haivumilii kuwekwa tupu juu ya moto mkali. Kikipita nyuzi 260 kipako huanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa, na jiko la gesi linafikisha sufuria tupu huko kwa dakika chache. Tena ukiingiza kopo la chuma ndani ya sufuria ya tefloni bila kitambaa, siku mbili za kutembea zinatosha kuichubua.

Kuna pia sufuria zenye mapezi yaliyopangwa chini ya kitako ili kunasa joto. Zinaokoa gesi kweli. Lakini nyingi ni ndefu na nyembamba, zimetengenezwa kwa kuchemsha maji, na mapezi yakipinda hayanyooki tena. Kama safari yenu ni ya chai na tambi za haraka tu, ni chaguo zuri.

Kutengeneza seti kutoka sokoni

Huhitaji duka la vifaa vya kambi. Sufuria za alumini zisizo na mikono zinazouzwa Gikomba, Kariakoo au soko lolote la mji zimeshatengenezwa ziingiane, ndivyo zinavyosafirishwa na ndivyo zinavyopangwa dukani. Kuta zake zimenyooka na kitako ni bapa, na hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Chagua zile za bati lililokandamizwa kwa mashine, nyepesi, ndani laini na nje laini. Epuka zile nzito za kusubu zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, zenye vinyweleo na alama za mchanga. Mbali na uzito, chuma chakavu hakijulikani kilikuwa nini, na madini ya risasi yanaweza kuingia kwenye chakula. Ibonyeze kuta kwa vidole gumba viwili. Ikibonyea na kurudi kwa mlio kama wa kopo la soda, ni nyembamba mno, itakunjwa begini. Ikikataa kabisa na mkono ukahisi uzito, inazidi haja. Unataka ile inayokubali kidogo.

Mfuniko wa sokoni una kinundu katikati, na kinundu hicho kinaharibu kila kitu kwa sababu kinazuia kupindua mfuniko na kinachomoza begini. Fungua skrubu yake, toa kinundu, na mahali pake pitisha waya mnene uliokunjwa kama herufi D unaolala bapa. Tundu likibaki wazi kidogo si hasara, mvuke unapitia hapo na uji haufuriki. Kama una kikaango kidogo cha sm 16 kinachokaa juu ya mdomo wa sufuria kubwa, muombe fundi wa mabati akate mpini na kuacha kipande cha sm 2 cha kushikwa kwa koleo.

Koleo ndilo linalofanya seti nzima iwe ndogo. Sufuria mbili na kikaango vinashikwa kwa koleo moja la alumini la kubana ukingo, hakuna mikono ya kuchomoza. Lijaribu na sufuria iliyojaa maji: libane, inua, pindisha polepole. Meno yake yakiteleza kwenye mdomo uliokunjwa, yakwaruze kwa tupa yapate makali kidogo. Fanya hivyo nyumbani, kwa maji baridi. Usiku, mkono ukiwa na glovu na sufuria ikiwa na lita ya maji yanayochemka, si wakati wa kugundua kwamba koleo linateleza. Usibane sufuria ya tefloni kwa koleo la meno makali, na usiliache koleo likining'inia kwenye ukingo sufuria ikiwa motoni. Linapata moto kama sufuria yenyewe, na uzito wake unaivuta sufuria upande.

Mwiko uwe wa mti, mfupi wa sm 24 au 25. Hauingii ndani, na hilo lisikusumbue. Ukiukata uingie, sm 17, ngumi yako itakuwa ndani ya mvuke unaposonga. Lakini uupe kazi ya pili: mimina maji ml 250 kwenye sufuria kubwa kwa kutumia chupa ya nusu lita, simamisha mwiko wima hadi kitakoni, na pale maji yanapofika tia alama ndogo kwa kisu kwenye mpini au ubavuni. Rudia kwa 500, 700 na 1,000. Sasa una kipimo cha maji ambacho hakikuongezei hata gramu moja. Alama hizo ni za sufuria hiyo tu. Ukibadilisha sufuria, pima upya.

Kwa bakuli, chukua ndoo ndogo ya plastiki ya siagi yenye kuta zilizonyooka na uikate ibaki na kimo cha sm 6, kisha usage ukingo kwa msasa. Ikiwa na kipenyo cha sm 13 hivi, sufuria ndogo inakaa ndani yake na vyote viwili vinazama ndani ya kubwa. Inaziba pengo, inazuia alumini kusuguana, na jioni mmoja anakulia humo na mwingine anakulia sufuriani.

Kupanga

Tandika kitambaa kikavu cha pamba kitakoni mwa sufuria ndogo. Kitambaa hiki ni cha lazima. Kopo la gesi ni chuma, na likiwa na unyevu kidogo chini yake litaacha duara la kutu kwenye alumini baada ya usiku mmoja. Weka kopo likiwa limepinduliwa, vavu chini na kofia yake ya plastiki imefungwa. Jiko liwe limefunguliwa kutoka kwenye kopo kila mara, likae ndani ya mfuko wake wa kitambaa, miguu imekunjwa. Kubeba jiko likiwa limesokotwa kwenye kopo ni kosa la hatari: kitasa kinazungushwa na nguo begini na gesi inavuja bila mtu kujua. Jaza nafasi iliyobaki kwa kiberiti ndani ya kikopo kisichopitisha maji, kipande cha sifongo na soksi ya chai.

Sasa iingize ndogo ndani ya bakuli, na vyote ndani ya kubwa. Kalisha kikaango juu yake kama mfuniko. Laza koleo ndani ya kikaango, halafu funga seti yote kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kama pete ya upana wa sm 3. Pete moja ikipita juu na chini ya sufuria inashika barabara, na tyubu ni bure kwa fundi yeyote wa baiskeli. Ina faida nyingine: kambini inawasaidia kufungua kifuniko kilichokwama, kwa kuwa inashika vizuri kwenye chuma chenye unyevu.

Tikisa. Kukiwa na mlio, kuna kitu kinagongana, na kinachogongana kinachubuka. Tia kitambaa hapo. Soksi kavu nazo zinaingia vizuri.

Vikombe vining'inie nje ya begi au vikae mfuko wa pembeni. Hakuna sababu ya kuvilazimisha ndani.

Unga na mchele vibebwe kwenye vifuko vya kitambaa kilichofumwa kwa karibu au makopo mepesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara na Zanzibar hazina ruhusa kwayo pia. Katika hifadhi za Kenya, tangu Juni 2020, hata chupa za maji za kutumia mara moja hazitakiwi. Vifuko vya kitambaa vina uzuri mwingine: kimoja cha gramu 350 za unga kikiwa tayari kimepimwa ni mlo mmoja, hakuna kubahatisha.

Kupika juu ya jiko dogo

Jiko linalosokotwa moja kwa moja juu ya kopo ni jepesi, gramu 80 hadi 100 hivi, lakini ni refu na kitako chake ni kopo lenyewe. Ukiweka sufuria ya lita 1.6 yenye ugali juu yake na ukaanza kusonga kwa nguvu, itaanguka, na itaanguka upande wa anayesonga. Jiko lenye mpira unaoliunganisha na kopo pembeni hukaa chini karibu na ardhi na lina miguu mipana. Kama ugali ni chakula chenu cha kila jioni, chukua hilo na ukubali gramu mia za ziada.

Ukiwa na lile la juu ya kopo, ugali unasongwa hivi. Chemsha ml 700 za maji, mfuniko ukiwa juu. Koroga vijiko vinne vya unga kwenye maji kidogo ya baridi, mimina, koroga hadi upate uji mwepesi, uache utokote dakika 3 kwa moto mdogo. Punguza moto hadi chini kabisa, epua, tua sufuria chini juu ya jiwe bapa au kitambaa kilichokunjwa. Mmoja anabana ukingo kwa koleo na kukanyaga ardhi vizuri, mwingine anamwaga unga uliobaki kwa mikupuo miwili au mitatu na kusonga. Ukishashikana, rudisha motoni dakika moja, epua, songa, rudisha. Mara tatu au nne zinatosha, kisha funika dakika 3 uive kwa mvuke. Hakuna anayesonga sufuria ikiwa juu ya jiko. Jiko likiwa halina kitu juu kwa muda mrefu lizime. Kuliwasha tena ni rahisi kuliko kupoteza gesi.

Wali wa wawili ni mchele gramu 250 na maji ml 600. Mchele uloweke nusu saa kwanza, utapika kwa muda mfupi zaidi. Ukishakauka maji juu, zima, funga sufuria kwa koti la sufi au kanga iliyokunjwa mara nne, uache dakika 15. Joto lililomo linamaliza kazi, na pembeni hapaachi kiini.

Juu mlimani mambo yanabadilika, na ni vizuri kujua kwa nini. Kwa kila mita 300 unazopanda, maji yanachemka kwa kiwango kilichopungua nyuzi 1 hivi. Kambi ya Old Moses kwenye Mlima Kenya, mita 3,300, maji yanachemka kwenye nyuzi 89. Kambi ya Shipton's, mita 4,200, ni nyuzi 86. Yanatokota kwa fujo ileile, lakini joto lake ni dogo, na kuongeza moto hakusaidii kitu isipokuwa kumaliza gesi. Maharage hapo yanachukua muda mrefu mno kuiva. Yapikwe nyumbani, yakaushwe, kambini yapashwe tu. Mchele unaiva lakini unataka maji zaidi, ml 100 hadi 150, na muda mrefu zaidi. Dengu nyekundu zilizomenywa zinaiva kwa subira.

Ugali ndio chakula ambacho urefu wa mlima hauuonei. Wanga wa mahindi huvimba na kushikana kati ya nyuzi 62 na 72, mbali kabisa chini ya nyuzi 86. Ugali wa Shipton's unaiva karibu sawa na wa nyumbani. Anayepanda na kilo mbili za unga badala ya mchele ameokoa gesi ya siku nzima.

Maji ya kunywa, kama yamechotwa mtoni, yachemke dakika 1 kamili. Zaidi ya mita 2,000 yaache dakika 3.

Gesi: kiasi, baridi na hatari

Kuchemsha lita 1 ya maji pasipo upepo, mfuniko ukiwa juu, kunakula gesi gramu 12 hadi 15. Watu wawili wanaochemsha lita 1 asubuhi na lita 1 jioni na kupika chakula kimoja cha dakika 25 wapange gramu 50 hadi 60 kwa siku. Mlimani penye upepo na baridi panga 70. Kopo la gramu 230 basi ni siku nne za Lushoto huko Usambara, au siku tatu za Mlima Kenya. Mfuniko ukiachwa pembeni hesabu hii yote inavunjika.

Kujua gesi iliyobaki, liweke kopo lielee majini. Kabla ya safari elea kopo jipya na utie alama mahali maji yanapofika, kisha elea kopo tupu la aina hiyohiyo utie alama nyingine. Kati ya alama hizo mbili ndipo unaposoma. Ukiwa na mizani ya duka ni rahisi zaidi: uzito wa gesi umeandikwa kwenye kopo.

Soma pia mchanganyiko wake. Butani tupu huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0. Isobutani inaendelea hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hadi 42 chini ya sifuri. Kwa Mlima Kenya, Kilimanjaro au Rwenzori nunua kopo lenye isobutani na propani. Makopo marefu ya majiko ya mezani mara nyingi ni butani, na hata hayaingii sufuriani. Moto ukififia asubuhi, kopo limepoa: lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, au lisimamishe kwenye bakuli lenye maji ya uvuguvugu yanayofika sm 2. Vuguvugu maana yake mkono unastahimili bila shida. Maji ya moto au ndimi za moto chini ya kopo hazina mjadala, linaweza kupasuka.

Kwa sababu hiyohiyo usizungushie kizuia upepo jiko linalokaa juu ya kopo. Joto linarudi chini na kulipasha kopo. Mawe machache upande mmoja tu, upepo unakotoka, yakiwa mbali kidogo, yanatosha. Kizuia upepo cha kuzunguka kote ni cha jiko lenye mpira, ambalo kopo lake liko nje ya duara. Hata kikaango kipana cha sm 22 au 24 kinarudisha joto chini, ni sababu nyingine ya kubaki na vyombo vidogo. Shika kopo mara kwa mara ukipika. Likianza kuwa la moto mkononi, zima.

Usipikie ndani ya hema, na usiingize jiko la mkaa hemani kujipasha moto. Gesi ya kaboni monoksidi inayotokana na moto usiopata hewa safi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Mvua ikinyesha, pikieni chini ya kibaraza cha hema kikiwa wazi pande mbili, au kuleni mkate na karanga.

Kiberiti cha kawaida kiwepo hata kama jiko lina kitufe cha kuwashia. Vitufe hivyo hukataa mara kwa mara juu ya mlima. Makopo ya gesi hayapandi ndege, si kwenye begi la mkononi wala la chini, yanunuliwe mjini kabla ya kupanda. Kilimanjaro moto wa kuni ni marufuku. Kwingine uliza getini.

Kuosha na kutunza

Sufuria mpya ya alumini ichemshe maji ya mchele mara moja kabla ya safari, kisha imwage. Itapata utando mwembamba na haitageuza maji kuwa meusi. Usipikie ndani yake chochote chenye magadi, alumini inaliwa na kuwa nyeusi, na nyanya au ukwaju usilaze humo usiku kucha.

Ukoko wa ugali usiukwangue ukiwa umekauka. Tia maji ml 200, funika, chemsha dakika moja na uache wakati mnakunywa chai. Utabanduka wenyewe kwa mwiko. Kwa alumini ya kawaida stilwaya inafaa, kwa ile yenye utando wa umeme na ya tefloni ni sifongo au makumbi ya nazi tu. Osha hatua 70 mbali na mto na umwage maji kwenye udongo, masalia yakichujwa na kubebwa kurudi. Kama mtapikia kuni mahali panaporuhusiwa, paka sabuni ya mche nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni, masizi yatatoka kwa maji matupu. Na sufuria ya kuni isiingizwe ndani ya nyingine bila kitambaa, ndogo yote itageuka nyeusi.

Sufuria mbili zikiwa zimeingizwa zikiwa na unyevu hushikana. Usizigonge kwenye jiwe. Mimina maji baridi ndani ya ile ndogo na uishike kubwa kwenye maji ya vuguvugu: ya nje inatanuka, ya ndani inasinyaa, na zinaachana. Nyumbani zihifadhi zikiwa zimetengana, au ndogo imegeuzwa ndani ya kubwa juu ya kitambaa. Kopo la gesi lisikae humo kati ya safari na safari. Likae kivulini mahali penye hewa, kofia yake ikiwa juu.